Wanaoshindwa kuzuia mkojo nao wahesabiwe

Maoni ya muuguzi, Kigali



Siku moja mama mmoja alishuka kwenye gari la wagonjwa lililotoka Mahama. Safari ni ndefu, kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Nilimpa chai, akakataa. Nilimpa maji, akakataa. Nikafikiri amefunga. Tulipobaki wawili tu ndipo akanishika mkono na kuniambia: "Mwanangu, tangu jana mchana sijanywa kitu. Nikinywa nitalowesha kiti cha gari la watu."

Mama huyo aliletwa kwa ajili ya macho. Karatasi yake ilieleza habari za macho peke yake. Mkojo ulikuwa ukimtoka bila yeye kutaka kwa zaidi ya miaka sita, na hakuna muuguzi, mjumbe wa afya wala binti yake mwenyewe aliyejua. Alikuwa ameacha kwenda ibadani. Siku za mgao alimtuma mjukuu. Majirani walidhani ana kiburi.

Nimefanya kazi hii ya kuwapokea wagonjwa kutoka kambini kwa muda wa kutosha kujua kwamba mama huyo hayuko peke yake. Wako Kiziba, wako Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke pia. Leo nataka kusema mambo mawili ambayo baadhi ya wenzangu hawatayapenda. La kwanza ni kwamba sisi wa afya tunapenda mno kumwekea mtu sonde, yaani ule mpira wa mkojo, kisha tukamsahau. La pili ni kwamba mtu anayeshindwa kuzuia mkojo anahitaji sabuni, kitambaa na maji kama vile mwenye malaria anavyohitaji dawa, na bado katika migao yetu mingi mtu huyo hahesabiwi.

Nianze na sonde, kwa sababu wengi wanaokuja hapa wanaiomba. Wanasema: "Niwekee sonde nipumzike." Nawaelewa. Lakini kuvuja mkojo si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa, na kila mmoja ana chanzo chake.

Mzee anayedondosha mkojo kidogo kidogo usiku na mchana, na tumbo la chini limejaa na ni gumu, huyo kwa kweli ameziba. Tezi dume imevimba, mkojo hautoki vizuri, kibofu kimejaa mpaka kinamwagika kama pipa lililo chini ya bomba. Huyo sonde inamwokoa, tena haraka, kwa sababu mkojo ukirudi nyuma unaharibu figo. Mara nyingi yeye mwenyewe anaamini ana mkojo mwingi, kumbe anashindwa kuutoa.

Mama aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto akakwama, kisha siku chache baada ya kujifungua mkojo ukaanza kutoka wenyewe, huyo tunashuku fistula. Kichwa cha mtoto kilibana nyama kati ya kibofu na uke mpaka damu haikupita, nyama ikafa, pakabaki tundu. Hapo sonde ina kazi ambayo watu wengi hawaijui. Tundu likiwa dogo na bado bichi, sonde ikiwekwa mapema na kuachwa wiki nne hadi sita, huku mama akinywa maji mengi, kibofu hakijai na tundu lenyewe linaweza kuziba bila kisu. Si kwa wote, lakini kwa baadhi. Ndiyo maana nasema: mama aliyejifungua akiona mkojo unamtoka asingoje arobaini ipite. Aende kituoni wiki hiyo hiyo. Akichelewa bado kuna upasuaji. Ndugu waliotoka Kivu wanaijua Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018. Hapa Kigali kazi ya kufunga fistula imefanyika kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kibagabaga. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia mama huyo kwamba amerogwa.

Aliyeumia uti wa mgongo, kwa risasi au kwa kuanguka, naye anaweza kuhitaji mpira. Lakini si lazima akae nao saa ishirini na nne. Mwaka 1972 daktari Mmarekani, Jack Lapides wa Michigan, alieleza pamoja na wenzake kwamba mgonjwa anaweza kujiingizia mpira mwembamba mwenyewe kila baada ya saa chache, akatoa mkojo wote, akauondoa. Walionyesha kwamba mikono safi na mpira safi vinatosha, bila vifaa vya chumba cha upasuaji. Wengi walimshangaa. Leo ndiyo njia inayopendekezwa kwanza kwa watu wengi wa namna hiyo, maana inaleta maambukizo machache kuliko mpira unaokaa ndani. Nimeona kijana mwenye kiti cha magurudumu akijifunza kwa siku chache tu. Anachohitaji ni mipira, maji, sabuni na mahali penye mlango unaofungwa. Hilo la mlango ndilo gumu kambini.

Sasa waliobaki, nao ndio wengi. Mama aliyezaa watoto saba, akikohoa au akibeba jerikani mkojo unaponyoka. Mzee wa kike ambaye haja ikimshika haiwezi kungoja. Mwenye ugonjwa wa sukari. Bibi anayejua kuzuia vizuri kabisa, ila choo kiko mbali, njia ina matope, na usiku hakuna taa. Hawa wote sonde si dawa yao. Huyo wa choo cha mbali dawa yake ni kopo lenye mfuniko chini ya kitanda. Nimewahi kuona bibi akiwekewa sonde kwa sababu ya umbali wa choo. Alipata homa kali baada ya wiki mbili.

Maana sonde ina bei yake. Ni mlango uliofunguliwa, na wadudu wanapanda kwa mlango huo kila siku. Baada ya mwezi mmoja karibu kila mtu mwenye sonde ana wadudu kwenye mkojo, hata kama hajisikii mgonjwa. Ndiyo sababu tunasema iwekwe kwa anayehitaji, na itolewe siku haja inapokwisha.

Kwa mama wa kikohozi na jerikani kuna zoezi lisilo na gharama. Kaza misuli ile unayotumia kukata mkojo, hesabu polepole, legeza. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuacha. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye foleni ya maji na hakuna atakayejua. Kwa yule ambaye haja inamshika ghafla, ajizoeze kwenda kwa saa, kila baada ya saa mbili au tatu, asingoje kushikwa. Na wote wanywe maji. Najua inasikika kama kinyume. Lakini asiyekunywa mkojo wake unakuwa mzito na mkali, unachoma kibofu, unanuka zaidi, na haja inamjia mara nyingi zaidi. Yule mama wa Mahama alikuwa akijitesa na kujiongezea ugonjwa kwa pamoja.

Ninyi mlio na sonde tayari, au mnaomtunza baba au mama mwenye sonde, nisikilizeni kidogo hapa.

Mpira unaokaa ndani una puto dogo kwenye ncha yake. Ulibuniwa na daktari Mmarekani, Frederic Foley, miaka ya 1930, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Muuguzi akishaingiza mpira anajaza puto kwa maji safi ili usichomoke. Kwa hiyo usiuvute, na usiukate kwa wembe ukidhani utatoka. Puto hutolewa maji kwanza kwa bomba la sindano, na kazi hiyo ni ya kituo cha afya.

Mpira una siku zake. Ule wa kawaida wa rangi ya manjano hubadilishwa kwa kawaida ndani ya wiki nne. Ule mweupe wa silikoni unaweza kufika wiki kumi na mbili. Uliza umewekewa upi, na udai tarehe iandikwe kwenye karatasi yako. Nimempokea mzee, mmoja wa wale waliohamishiwa Mahama Gihembe ilipofungwa mwaka 2021, akiwa na sonde ya miezi saba. Hospitali iliyomwekea ilimruhusu bila kumwambia siku ya kurudi. Yeye aliamini kwamba ni ya maisha. Mpira ulikuwa umeota mawe pembeni, ukatoka kwa shida na damu. Mzee yule hakukosea kitu, sisi tulimkosea.

Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu wakati wote, ila usiguse sakafu. Wengi wanauficha kwa kuubeba kwapani ndani ya koti. Hapo mkojo unarudi ndani na wadudu wake. Na hapa niseme jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye karatasi zetu za mafundisho: mwenye sonde hawezi kulala chini kwenye mkeka. Akilala chini mfuko uko sawa na mwili, mkojo hautembei. Anahitaji kitanda, hata cha miti. Mkuu wa kartie, ukisikia mtu amerudi hospitali na sonde, swali lako la kwanza liwe: analala wapi?

Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa. Osha pale mpira unapoingilia, kila siku, kwa maji na sabuni, ukielekea nje. Mwaga mfuko kabla haujajaa. Usitenganishe mpira na mfuko bila sababu. Usinywe vidonge vya antibiotiki vya dukani "kwa kuzuia", maana havizuii, vinawafundisha wadudu ukaidi. Mkojo ukiacha kutoka, tazama kwanza kama mpira umejikunja au umeukalia. Kama haujajikunja na tumbo linajaa, nenda kituoni saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Homa na kutetemeka, maumivu ya ubavu, damu, au mzee kuanza kuongea mambo yasiyoeleweka, ni safari ya kituoni vilevile. Na aliyeumia uti wa mgongo akishikwa ghafla na kichwa kikali na jasho la uso, tazama mpira kwanza, kwa sababu ukiziba unaweza kumpandisha shinikizo la damu mpaka kumuua.

Wanaume ambao kibofu kinatoa vizuri ila hawawezi kuzuia, kuna njia nyingine: kondomu iliyounganishwa na mrija na mfuko. Wengine wakisikia wanacheka. Haingii ndani ya mwili, inabadilishwa kila siku, na maambukizo yake ni machache kuliko ya sonde. Sharti ni moja: isifungwe kwa uzi wala kwa mpira wa kubana, maana nyama inaweza kufa. Muuguzi akuonyeshe.

Sasa nirudi kwenye sabuni, ambako ndiko ugomvi wangu uliko.

Kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa kinafanya kazi vizuri. Fulana kuukuu za chaguwa ni nzuri kuliko kitenge kipya, kwa sababu zinanywa maji na hazichubui. Lakini mtu anayevuja anabadilisha mara nne, tano, sita kwa siku. Kila kitambaa kisuuzwe kwa maji baridi kwanza, kifuliwe kwa sabuni, kikaushwe juani. Ngozi ioshwe, ikaushwe bila kusugua, ipakwe vazilini kidogo. Wengi wanaficha vitambaa, wanavikausha chini ya godoro. Vinakauka nusu, vinaota ukungu, na mtu anapata vidonda. Wanaficha kwa aibu, lakini pia kwa sababu sabuni imekwisha na harufu haijatoka.

Wenye uwezo wananunua pampasi za watu wazima. Ni msaada mkubwa safarini na usiku, ila bei yake si ya kambi, na zikitupwa chooni zinakijaza. Godoro nalo lina shida yake. Tangu mwaka 2008 mifuko ya nailoni imepigwa marufuku Rwanda, na mimi naiunga mkono sheria hiyo, lakini mgonjwa bado anahitaji kitu kisichopitisha maji chini ya shuka. Kipande cha shitingi kilichooshwa, juu yake blanketi kuukuu, kinatosha.

Mashirika ya misaada yana kitabu kiitwacho Sphere, kinachosema ni kiasi gani cha chini mtu aliyekimbia anapaswa kupata. Toleo la mwaka 2018 linamtaja mtu anayeshindwa kuzuia mkojo. Kila mtu, gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Anayevuja mkojo, juu ya hizo, gramu 500 za kuogea na 500 za kufulia. Tena kitambaa laini cha pamba, mita za mraba 8 kwa mwaka, pamoja na nguo za ndani. Vifuniko viwili vya godoro visivyopitisha maji. Maji ya ziada. Hiyo si sheria ya nchi, ni kipimo. Lakini ni kipimo ambacho mashirika yenyewe yamekikubali na kukiandika, na mkazi wa kambi ana haki ya kukijua.

Vifaa vya hedhi tumejifunza kuvigawa. Wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wanahesabiwa, na ni vizuri sana. Bibi wa miaka sabini orodha inamruka, kwa sababu hedhi imekwisha. Mzee wa kiume hakuwahi kuwa kwenye orodha. Kijana wa kiti cha magurudumu anaandikwa kwenye daftari la ulemavu, anapata kiti, sabuni hapati.

Nikisema haya katika mikutano yetu najibiwa kwamba fedha zimepungua, na kwamba tukitangaza sabuni ya ziada kambi nzima itasema inavuja mkojo. La fedha nalikubali, ni kweli, mnaliona kwenye migao yenu. La pili silikubali hata kidogo. Mama yule alikaa miaka sita asimwambie binti yake. Ni nani atakayesimama mbele ya jirani zake akajitia aibu hiyo kwa ajili ya mche wa sabuni? Na hata wakiwepo watatu au wanne, hasara yake ni ndogo kuliko gharama ya kumleta mtu mmoja Kigali na vidonda vya mgongo.

Tatizo la aibu lina njia. Majina yasisomwe kwenye kipaza sauti. Orodha ikae kituo cha afya, sabuni na kitambaa vitolewe ndani ya chumba cha muuguzi pamoja na dawa nyingine, au fedha za kununulia ziongezwe kimyakimya. Mtu akitoka na kifurushi hakuna atakayejua kama kina dawa ya presha au kitambaa. Na wajumbe wa afya mnaopita nyumba kwa nyumba, acheni kuuliza "Je, kuna mgonjwa hapa?" Ulizeni mkiwa na mtu faraghani: "Mkojo unakutoka wakati mwingine bila kutaka?" Wanawake waulizwe na wanawake. Mtashangaa. Tangu yule mama, mimi namuuliza kila anayeletwa, hata wa macho, hata wa meno.

Yeye tulimpima. Hakuwa na fistula, alikuwa na kibofu chenye haraka pamoja na sukari ambayo haikuwa imejulikana. Alirudi na dawa ya sukari, na ratiba ya kwenda haja kwa saa. Sonde hakuwekewa. Kitambaa tulichanga sisi wauguzi watatu, jambo ambalo si utaratibu na lisiwe utaratibu.

Mtakaoletwa Kigali mwezi ujao, kwa ugonjwa wowote: njooni na karatasi yenye tarehe ya sonde kama mnayo, vitambaa vya kutosha, nguo moja ya kubadilisha na chupa ya maji. Kunyweni njiani. Mwambieni muuguzi anayewasindikiza kabla gari halijaondoka, naye atamwambia dereva mahali pa kusimama.